Tulimtoa mwenzetu kama kwenye runinga, na kosa lilikuwa langu

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kirumba hapa Mwanza, na shughuli yangu ni dagaa pale Mwaloni. Nimo kwenye kikundi cha akina mama tisa. Tulianza na hisa za elfu mbili mbili, sasa ni mwaka wa sita. Tunakopeshana, na tukipata nafasi tunanunua mzigo wa pamoja visiwani. Nakuandikia kwa sababu leo tumebaki wanane, na huyo wa tisa kila nikifumba macho namwona.

Habari yenyewe ilianzia kwenye runinga. Kijana wa mwenyekiti wetu anasoma chuo Malimbe. Likizo moja alikuja na flashi yenye kipindi cha Kimarekani kiitwacho The Apprentice, msimu wa kwanza kabisa, ule wa 2004. Watu 16, wanaume wanane na wanawake wanane, wanashindania kazi kwa Donald Trump, enzi hizo akiwa mfanyabiashara wa majengo. Kila sehemu wanapewa kazi ya biashara, timu iliyoshindwa inaitwa chumba cha bodi, na mmoja wao anaambiwa amefukuzwa. Kijana alikuwa anatutafsiria neno kwa neno. Basi kila Jumapili baada ya kikao tulibaki hapo kwa mwenyekiti, chai na mihogo mezani, tunatazama sehemu moja, halafu tunabishana mpaka magharibi.

Shangazi, zilikuwa Jumapili nzuri. Sehemu ya kwanza walipewa mtaji wa dola 250 kila timu wakauze juisi ya limau mitaani New York. Wanaume wakaenda kuweka meza yao karibu na soko la samaki! Tulipiga kelele nyumba nzima. Mwenyekiti akasema nani atakunywa limau penye shombo? Mwingine akamjibu kwamba pale kwetu Mwaloni uji na juisi vinaisha kabla ya saa nne, kwa hiyo shombo si hoja, hoja ni kwamba anayekuja kununua samaki ana haraka na hela yake ameshaipangia. Wanawake wakashinda. Wanaume wakaitwa ndani watatu: Troy aliyekuwa kiongozi wao, Sam aliyehangaika kuuza glasi moja kwa dola 1,000, na David, msomi wa udaktari na biashara. Akafukuzwa David. Sisi tukagawanyika. Wengi tulisema ametendewa haki, amekaa kimya, hakuongoza chochote. Mmoja tu alimtetea, huyu nitakayemwita Mama Mapacha. Alisema, "Lakini mahali hakuchagua yeye." Tukamzomea kwa mapenzi tu, na yeye akacheka.

Mwezi wa kumi na moja tulimtuma Mama Mapacha kisiwani, upande wa Ukerewe, kununua mzigo. Ilikuwa giza, yaani zile siku usiku hauna mbalamwezi, dagaa wanapatikana kwa wingi, na bei ilikuwa ya chini. Mimi ndiye niliyepewa fedha za kumtumia kwa simu, 3,600,000, asubuhi ya Jumatano. Shangazi, sikuzituma siku ile. Nilichukua 500,000 nikazizungusha kwenye mzigo wangu mwenyewe, nikijua mteja atanilipa jioni. Mteja akalipa kesho yake. Mama Mapacha alipopiga simu kuuliza nikamwambia mtandao unasumbua. Hela ilimfikia Alhamisi jioni. Dagaa wakavu aliokuwa ameahidiwa walikwishauzwa kwa watu wengine, akalazimika kununua walioanikwa Ijumaa asubuhi. Ijumaa mchana ikanyesha mvua kubwa. Mzigo ulifika Mwanza umevunda nusu, ukaenda kwa watu wa chakula cha kuku. Tulirudisha 2,250,000. Hasara ni 1,350,000.

Wiki ileile tulikuwa tumefika mwisho wa kipindi. Wamebaki wawili, Bill na Kwame, na kila mmoja amepewa wasaidizi kutoka kwa wale waliokwishafukuzwa. Kwame, ambaye sisi wote tulikuwa upande wake, alikuwa na Omarosa, na Omarosa hakumwambia ukweli. Kwame hakumtoa, baadaye akasema hakujua kama ana uwezo huo, na akashindwa. Mwenyekiti akasimama mbele ya runinga akasema, "Mmeona? Sisi hatutakuwa akina Kwame."

Jumapili iliyofuata tulikuta meza imepangwa. Tuliitwa watatu mbele: katibu aliyepanga safari, mimi niliyetuma fedha, na Mama Mapacha. Kila mmoja akaulizwa kwa nini asitoke yeye. Mama Mapacha akaeleza vizuri, akasema, "Hela ilichelewa siku moja, mtandao ulisumbua, dada hapa ni shahidi." Mwenyekiti akasema mtandao ni kisingizio cha kila mtu. Mimi nikainamisha kichwa. Nilipoulizwa nikasema kwamba akiwa kule kisiwani alikwenda kumsalimia mama yake mgonjwa. Ni kweli alikwenda, ile Jumatano, wakati anasubiri hela yangu. Baada ya hapo kila mtu akakumbuka lake: alivyochelewa kikao mwezi wa nane, alivyomkopesha mteja wa Bunda bila kuuliza. Wakapiga kura, sita wakasema atoke. Mimi nilikuwa miongoni mwa hao sita.

Katiba yetu inasema mwanachama huondolewa kwa wizi, kwa kutolipa mkopo, au kwa kukosa vikao vinne mfululizo. Hisa zake zilikuwa 640,000. Mwenyekiti alisema hasara imezimeza zote. Sasa Mama Mapacha anauza dagaa wa kukaanga barabarani Mabatini, na tukikutana ananisalimia kama zamani, anauliza hali ya watoto wangu.

Sokoni watu wanabishana hadi leo, wengine wanasema alistahili, wengine wanasema ameonewa, kama vile tulivyokuwa tunabishana juu ya David. Mume wangu anasema ninyamaze, yamepita. Mwenyekiti anasema kwenye kipindi aliyetoka hakurudi. Shangazi, nifanye nini?

Ni mimi, Mwenye Siri wa Kirumba

*

Marahaba mwanangu. Wabeja kuniandikia, na kwa kutojificha. Ungeweza kuniletea hadithi ya kikundi kilichomwonea mtu na wewe ukajiweka pembeni kama mtazamaji. Umejiweka katikati, mahali pako penyewe, na hiyo ndiyo sababu ninaamini utalimaliza jambo hili.

Nitaanza na kipindi, kwa kuwa mwenyekiti wenu amekigeuza sheria, na mtu akikutolea sheria lazima uijue ilikotoka.

Kipindi kile kilipangwa ili watu watoke. Waliingia 16 ili abaki mmoja, kwa hiyo karibu kila juma lazima mtu afukuzwe, hata kama timu iliyoshindwa imefanya kazi nzuri na kupitwa kidogo tu. Watazamaji wanarudi kwa ajili ya kile chumba. Na chumba chenyewe kilijengwa kwa ajili ya kamera ndani ya jengo la Trump Tower. Juisi ya limau isipouzwa hakuna mtoto anayekosa ada. David alipoondoka hakuacha hisa zake mezani.

Lakini liko jambo zito kuliko hilo, na ninaomba ulisome mara mbili. Mmoja wa wahariri wa kipindi kile, Jonathon Braun, alilieleza jarida la The New Yorker namna walivyofanya kazi. Alisema kuna nyakati Trump alimfukuza mtu aliyefanya vizuri, kwa uamuzi wa papo hapo tu. Wahariri wakabaki na tatizo, maana mtazamaji ataona uamuzi hauna kichwa wala miguu. Basi walirudi kwenye mamia ya saa za picha, wakatafuta pale ambapo yule mtu alikosea kidogo, wakayaweka hayo mbele, mpaka anayetazama nyumbani akaona kweli huyu alistahili. Hukumu ilitangulia, makosa yakatafutwa nyuma yake.

Sasa rudi kwenye meza ya mwenyekiti. Kuchelewa kikao mwezi wa nane kulihusu nini na mvua ya Ijumaa kisiwani? Mteja wa Bunda alihusika vipi na dagaa waliovunda? Mambo hayo mlikwishayasamehe wakati wake, mkala mihogo pamoja baada yake. Yaliokotwa siku ile kwa sababu mwenzenu alikwishaamuliwa kutoka na ilibidi kutoka kwake kuonekane kuna maana. Hata habari ya mama yake mgonjwa uliikata namna hiyo. Ulionyesha kwamba alikwenda, ukaficha kwamba alikuwa anakusubiri wewe. Wahariri wa kipindi walikuwa wanaifanya kazi hiyo kwa mshahara, juu ya watu waliotia saini kuingia kwenye mchezo. Mama Mapacha alitia saini kuingia kwenye kikundi.

Na mnapomtaja Kwame, mtajeni sawasawa. Mimi pia nilikuwa upande wake, na naelewa kwa nini mpaka leo watu wanabishana kama alipaswa kumtoa Omarosa. Nasema wazi, alipaswa. Lakini alipaswa kwa nini? Kwa sababu kiongozi alikuwa na msaidizi aliyemficha habari aliyoihitaji ili kazi iende. Mwenyekiti wenu alishika fundisho la kutoa mtu, akaacha swali la nani alificha. Mama Mapacha hakumficha mtu kitu. Alisema hela ilichelewa, na ni kweli ilichelewa. Alisema mtandao ulisumbua kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia hivyo na yeye alikuamini kiasi cha kukuita shahidi. Mwanangu, kama kwenye kikundi chenu kulikuwa na aliyekaa mahali pa Omarosa siku ile, ni wewe. Najua kwamba ulikwishalijua hili kabla ya kuandika. Ninalisema kwa sauti ili usiwe peke yako nalo.

Ulisema mlimhukumu David kwa kukaa kimya. Kumbuka aliyemtetea ni nani, na alisema nini.

Tuje kwenye hasara, maana hapa kuna mambo ya kuhesabu na napenda yahesabiwe. Hasara ya 1,350,000 ukiigawa kwa wanachama tisa ni 150,000 kila mmoja. Mzigo ulikuwa wa pamoja, na ungeleta faida mngegawana wote, kwa hiyo hata kama wewe usingekosea lolote, Mama Mapacha alikuwa anadaiwa 150,000 na si shilingi zaidi. Katika hisa zake za 640,000 zinabaki 490,000. Hizo ni zake. Anayesema hasara imezimeza aonyeshe kifungu. Kwenye katiba uliyonieleza hakuna panaposema mwanachama huondolewa kwa mzigo kunyeshewa, kwa hiyo kura zile sita zilipigwa juu ya jambo ambalo hamkuwa na mamlaka nalo. Hiyo peke yake inatosha kuurudisha uamuzi mezani.

Halafu ipo sehemu yako. Siku moja uliyoishikilia fedha ndiyo iliyompotezea dagaa wakavu. Sisemi hasara yote ni yako, kwa maana kununua mzigo mkubwa wa kuanika mwezi wa kumi na moja, katikati ya vuli, ni kamari ambayo wote mliikubali, na katibu aliyepanga safari hiyo naye ajiulize. Mvua ya huku ziwani haimpigi mtu hodi. Dagaa aliyetandazwa mchangani akinyeshewa ndiyo basi. Aliye kwenye chanja na turubai karibu ana nafuu. Mngekubaliana kabla ya safari kwamba asiyekuta wakavu asinunue, arudi na fedha, mngepoteza nauli tu. Hilo ni la kikundi. Lakini kuizungusha fedha ya wenzako bila ruhusa ni lako, na uongo wa mtandao ni wako. Jitolee kulipa zaidi ya wengine. Pendekeza mwenyewe kiasi, usingoje utajiwe. Ningekuwa mimi ningeanza na kubeba ile 150,000 ya Mama Mapacha juu ya yangu, ili hisa zake zirudi zote 640,000, kisha nikasikia kikundi kinasema nini.

Mume wako anasema unyamaze. Namheshimu, anaogopa kukuona unaaibika, na pengine anaogopa mapato ya nyumba. Kaa naye kwanza umweleze kwamba utasema, asije akayasikia Mwaloni kama habari ya mtu mwingine. Lakini usimwombe ruhusa ya kusema kweli. Anasema yamepita. Kwa mwanamke aliyesimama na karai la mafuta kando ya barabara Mabatini hayajapita.

Mpangilio wa kusema una uzito wake. Usianzie kikaoni. Ukianzia huko, Mama Mapacha atasikia kutoka kwa watu kwamba yule dada aliyemwita shahidi ndiye aliyemwangusha, na atasikia akiwa na wateja mbele yake. Anza naye, ana kwa ana, bila mtu wa tatu. Mwambie siku, mwambie kiasi, mwambie ulichofanya na ile 500,000. Usimweleze sana kwa nini. Ukiwa na maelezo mengi utamlazimisha akuhurumie wewe, na yeye ndiye aliyepoteza. Anaweza kulia. Anaweza kukufukuza. Anaweza kusema alikuwa anahisi siku zote, na hilo ndilo litakalokuuma kuliko yote, kwa sababu itakubidi uwaze upya kila salamu aliyokupa. Mwache aseme. Usimwombe akusamehe siku hiyohiyo.

Muulize pia kama anataka kurudi kikundini. Usidhani jibu unalijua. Huenda Mabatini anapata kuliko alivyokuwa anapata nanyi, huenda anataka hisa zake tu na amani yake. Kikaoni uende na anachotaka yeye.

Kisha mtafute mwenyekiti kabla ya kikao, umwambie una jambo. Ni haki yake asishtukizwe mbele ya wanachama wake. Na usimwendee kwa ghadhabu. Alikosea kugeuza kipindi kuwa katiba, lakini alikuwa na hasara mkononi, macho ya watu wanane juu yake, na hakuwa na ukweli wote, kwa sababu wewe ulikuwa umeushikilia. Akisema tena kwamba aliyetoka hakurudi, mkumbushe kwamba Omarosa na wenzake walikuwa wamekwishafukuzwa, na waliporudishwa kuwasaidia Bill na Kwame walirudi. Mliwaona kwa macho yenu.

Akikataa kulipeleka jambo kikaoni, mnaye afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vikundi kama chenu vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na daftari lenu la hisa si mali ya mwenyekiti. Ningependa msifike huko. Wanawake waliokaa miaka sita na fedha za wenzao bila kuibiana wanaweza kulimaliza wenyewe.

Inawezekana kikundi kikakutoa wewe. Ninakwambia mapema ili lisikuvunje miguu njiani. Mwanachama aliyetumia fedha ya kikundi kwa shughuli yake anaweza kuhukumiwa chini ya neno wizi, na sitakuambia wakifanya hivyo wamekuonea. Omba tu mambo mawili: wakuhukumu kwa katiba, na wakuhukumu kwa kosa hili hili moja, wasikusanye ya mwezi wa nane. Ukiomba hivyo, unaomba na kwa ajili ya yeyote atakayeitwa mbele baada yako.

Na zile Jumapili msiziache. Yule mwenzenu aliyesema mnunuzi wa samaki ana haraka na hela yake ameshaipangia ameijua biashara kuliko wale wanaume wanane waliopanga meza karibu na soko la samaki. Bishaneni. Tazameni msimu mwingine. Kikao tu kifungwe kwanza, daftari lirudishwe kwenye sanduku na funguo zigawanywe, ndipo runinga iwashwe.

Nenda Mabatini Jumamosi hii. Usiende jioni, jioni ana wateja. Nenda asubuhi mapema, wakati anawachambua na kuwaosha dagaa wake. Vuta kiti, kunja mikono ya nguo, chambua pamoja naye mpaka beseni la kwanza liishe, halafu mwambie.